"Msomaji" Anayeandika: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Mifumo Endeshi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi moja tu ya taaluma ya kompyuta, nayo ni "kufuli la wasomaji na waandishi". Yamkini wapo watakaouliza kwa nini istilahi moja ipewe kurasa nyingi namna hii, ilhali yapo mamia ya dhana za taaluma hiyo ambazo hazijapata hata jina la muda. Sababu ni kwamba istilahi hii inaonyesha waziwazi kosa ambalo hata mfasiri mwangalifu huweza kulitenda pasipo kujua: kuyafasiri maneno kwa usahihi huku dhana ikipotoka. Kila neno lililomo limefasiriwa sawasawa. Kufuli ni kufuli, msomaji ni msomaji, mwandishi ni mwandishi, na hakuna mkaguzi wa tafsiri atakayetia wino mwekundu hapo. Hata hivyo mwanafunzi atakayelitegemea jina hili ili akielewe chombo chenyewe atakosea, na kosa lake litakuwa limetoka katika jina alilopewa.

Kosa hilo si la Kiswahili peke yake. Limo katika lugha iliyoizaa istilahi hii, na limewapotosha mafundi wa lugha hiyo kwa miaka mingi. Lakini sisi tunaounda istilahi baada yao tuna nafasi ambayo wao hawakuwa nayo, yaani tunaliona kosa kabla hatujalizoea. Kabla ya kuamua jina, basi, hatuna budi kukijua kwanza chombo na mipaka yake.

2. Chombo chenyewe

Mfumo endeshi ni programu inayosimamia kompyuta nzima, na kiini chake ni ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu, zamu za kazi, mafaili na njia za mawasiliano. Kompyuta za siku hizi zina vichakataji vingi vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja. Hata simu ya mkononi ya kawaida huwa na vinne au vinane, na mashine kubwa huwa na mamia. Vichakataji vyote hivyo huyatumia majedwali yale yale ya kiini. Kimoja kikibadilisha jedwali wakati kingine kinalisoma, kile kinachosoma kitapata nusu ya habari ya zamani na nusu ya habari mpya, na matokeo yake hayatabiriki.

Dawa ya kwanza ni kufuli la kawaida: anayetaka kuligusa jedwali hufunga, wengine wote husubiri mpaka afungue. Dawa hii ni salama, lakini inaonekana kuwa kali kupita kiasi. Watu wawili wanaosoma ubao mmoja wa matangazo hawadhuriani. Anayepaswa kuzuiwa ni yule anayekuja kuubandua na kuubandika upya. Hapo ndipo lilipozaliwa kufuli la namna mbili: "wasomaji" huruhusiwa kuingia wengi kwa pamoja, na "mwandishi" huingia peke yake.

Jambo hili lilielezwa rasmi na P. J. Courtois, F. Heymans na D. L. Parnas katika makala mafupi yaliyotoka Oktoba 1971 katika jarida la Communications of the ACM. Walitumia semafori, chombo kilichobuniwa kabla yao na Edsger Dijkstra wa Uholanzi. Dijkstra alilichukua jina la semafori kwenye nguzo za ishara za reli, na matendo yake mawili akayaita kwa herufi za lugha yake mwenyewe. V ni ya neno la Kiholanzi verhogen, yaani kuongeza. P ni ya neno prolaag, ambalo halikuwamo katika kamusi yoyote. Alilibuni kwa kuunganisha maneno yenye maana ya kujaribu kupunguza. Dijkstra alipokosa neno alitunga, na mafundi wa dunia nzima waliiandika P yake kwa miaka mingi pasipo kudai kwamba Kiholanzi hakifai kwa sayansi.

3. Alama za kunukuu zilizopotea

Anayeyatazama makala yale ya 1971 ataona jambo ambalo kwa mtu wa istilahi lina uzito mkubwa. Katika kichwa cha habari, maneno "wasomaji" na "waandishi" yamewekwa ndani ya alama za kunukuu. Kwa mwandishi wa taaluma, alama hizo ni onyo: neno hili nimeliazima, lisichukuliwe kwa maana yake ya nyumbani.

Onyo hilo lilikuwa na msingi. Katika suluhisho lao la kwanza, kila "msomaji" anapoingia huongeza moja katika hesabu ya waliomo, na anapotoka hupunguza moja. Wa kwanza kuingia humzuia mwandishi. Wa mwisho kutoka humfungulia. Na kwa kuwa hesabu hiyo ni ya wote, nayo inalindwa na semafori yake, ili wasomaji wawili wasiibadilishe kwa pamoja. Maana yake ni kwamba tangu siku ya kwanza msomaji alikuwa anaandika. Hakuandika katika jedwali alilokuja kulisoma, bali katika hesabu iliyo mlangoni.

Miaka ilipopita alama za kunukuu ziliachwa, kama ilivyo desturi ya maneno yanayotumika sana. Jina likabaki bila onyo lake. Nasi tunapolifasiri jina hilo leo, tunalifasiri likiwa limekwisha kuvuliwa lile vazi lililoonyesha kwamba ni la kuazima.

4. Mfano wa masijala

Kwa faida ya walimu na maofisa ambao hawakusomea kompyuta, natoa mfano wa masijala ya ofisi ya serikali. Tuseme lipo faili moja linalohitajiwa na watu wengi. Karani ameweka sharti jepesi: wanaotaka kulisoma tu waingie kwa pamoja, na anayetaka kuongeza au kuondoa barua asubiri chumba kiwe kitupu. Ili karani ajue kama chumba ni kitupu, ameweka daftari moja na kalamu moja mlangoni, na kila anayeingia kusoma hutia sahihi akiingia na tena akitoka.

Wasomaji wakiwa wawili au watatu, na kila mmoja akikaa nusu saa, utaratibu huu ni mzuri. Sasa tuseme wasomaji ni sitini, na kila mmoja anataka kutazama mstari mmoja tu, kazi ya kufumba na kufumbua. Foleni ndefu itatokea, lakini haitakuwa foleni ya faili. Itakuwa foleni ya daftari. Ndani ya chumba hakuna msongamano wowote. Mlangoni watu wanagombea kalamu. Na ajabu ni kwamba siku hiyo huenda hakuna mwandishi hata mmoja aliyefika. Wasomaji wanacheleweshana wao kwa wao, jambo ambalo jina la utaratibu liliahidi kwamba halitatokea.

Hivyo ndivyo ilivyo katika kiini cha mfumo endeshi. Kila kichakataji kina kache, yaani akiba yake ndogo ya haraka, na kumbukumbu husafirishwa kuingia humo kwa vipande. Katika vichakataji vingi vya leo kipande kimoja ni baiti 64. Kipande kinachosomwa tu huweza kukaa katika kache nyingi kwa wakati mmoja bila gharama. Lakini kichakataji kinachotaka kukiandika sharti kwanza kikimiliki peke yake, na nakala zote zilizoko kwingine zibatilishwe. Kwa hiyo kipande chenye hesabu ya wasomaji hurukaruka kutoka kichakataji hiki hadi kile kila msomaji anapoingia na anapotoka. Safari moja ya namna hiyo huweza kuchukua makumi hata mamia ya mapigo ya saa ya kichakataji, ilhali kusoma kwenyewe pengine kulihitaji machache tu.

Hapa pana kinaya cha istilahi. Wasanifu wa maunzi wana msamiati wao wa hali za kipande cha kache, na miongoni mwa majina yao yamo "ya pamoja" na "ya pekee". Kwa msamiati huo, yule ambaye waandishi wa programu wanamwita msomaji huonekana, wakati wa kulishika kufuli, kuwa ni mwandishi anayedai umiliki wa pekee. Taaluma mbili zilizo jirani zinamtaja mtu yule yule kwa majina yanayopingana.

5. Mipaka mingine

Gharama ya hesabu ni mpaka wa kwanza wa usanifu wa kufuli hili. Ipo mingine mitatu ambayo mfasiri anapaswa kuifahamu, kwa kuwa kila mmoja una istilahi zake.

Wa pili ni wa zamu. Ikiwa msomaji mpya huruhusiwa kuingia maadamu wamo wasomaji wengine, wanaweza kuja mmoja baada ya mwingine, chumba kisiwe kitupu kamwe, na mwandishi asipate nafasi milele. Ikiwa mwandishi hupewa upendeleo, wasomaji ndio watakaotaabika. Courtois na wenzake waliliona jambo hili, ndiyo sababu walitoa masuluhisho mawili, moja kwa kila upande. Mtu ataona kwamba jibu la haki ni foleni: kila mtu kwa zamu yake. Lakini foleni nayo ina mtego. Msomaji aliyekwisha kuingia huweza, katikati ya kazi yake, kuita utaratibu mwingine unaoomba kufuli lile lile mara ya pili. Kama mwandishi amekwisha kupanga foleni katikati, msomaji atasimama nyuma ya mwandishi, na mwandishi anamsubiri msomaji huyo huyo atoke. Wote wawili hawatoki. Huo ndio mkwamo. Kiini cha Linux kilipoingiza kufuli la foleni kwa ajili ya kazi hii mwaka 2014, ilibidi kiweke ubaguzi: anayeomba kusoma wakati wa katizo hapangi foleni nyuma ya waandishi wanaosubiri, kwa sababu yamkini kazi iliyokatizwa katika kichakataji hicho hicho ndiyo iliyolishika kufuli.

Wa tatu ni wa kupandisha ruhusa. Msomaji akiona kwamba habari aliyoisoma inahitaji kurekebishwa, angependa ageuke kuwa mwandishi bila kutoka. Wasomaji wawili wakitaka hivyo kwa pamoja, kila mmoja atamsubiri mwenzake aondoke, na hakuna atakayeondoka. Ndiyo maana kushusha ruhusa kunawezekana, lakini kuipandisha ama hukatazwa, ama huruhusiwa kwa majaribio tu, na aliyejaribu akashindwa hana budi kutoka na kuanza upya.

Wa nne ni wa kipaumbele. Katika mifumo inayotakiwa kujibu kwa wakati maalumu, kazi muhimu inayomsubiri mwenye kufuli humwazima kipaumbele chake ili amalize upesi. Msomaji anaweza kumwazima mwandishi, kwa kuwa mwandishi ni mmoja na anajulikana. Lakini mwandishi hawezi kuwaazima wasomaji: ni wengi, na kufuli linaijua idadi yao tu. Kwa hiyo msomaji mmoja wa daraja la chini, akisimamishwa njiani, huweza kuikwamisha kazi ya daraja la juu kabisa. Hati za kiini cha Linux zinalikiri jambo hili kwa upande wa mfumo wake wa muda halisi, ambao uliingizwa katika kiini chenyewe mwaka 2024.

Kwa sababu kama hizi, hati hizo hizo zinawashauri waandishi wa programu kwamba kufuli hili hudai matendo yasiyogawanyika mengi kuliko kufuli la kawaida, na kwamba ikiwa kazi ya kusoma si ndefu, ni afadhali kufuli la kawaida. Ushauri huo humshangaza kila anayeusikia mara ya kwanza. Kinachomshangaza ni jina. Jina limemwambia kwamba kusoma ni bure.

6. Wasomaji wanaostahili jina

Haifai kukosoa neno bila kuonyesha mahali linapokaa vizuri. Mafundi wamebuni njia nyingine, na ndani yake wamo wasomaji wa kweli.

Njia ya kwanza ilikuwa kumpa kila kichakataji daftari lake. Kufuli la aina hiyo lilikuwamo katika Linux ya 2.4, iliyotoka Januari 2001, na likaondolewa kabla ya ile ya 2.6 ya Desemba 2003. Msomaji alitia sahihi katika daftari la mlango wake mwenyewe, asigombane na yeyote. Mwandishi alilazimika kuzunguka milango yote. Wazo hilo lilirudi baadaye kwa sura nyingine, na linatumika pale ambapo kuandika ni nadra mno.

Njia ya pili ni kufuli la namba ya mfululizo. Mwandishi huongeza namba kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, hata namba ikiwa witiri watu wajue kwamba kazi inaendelea. Msomaji huitazama namba, husoma, kisha huitazama tena. Ikiwa imebadilika, hurudia. Haandiki chochote. Kiini cha Linux hutumia njia hii katika kusoma saa. Mpaka wake ni kwamba haifai kwa habari zenye vielekezi, kwani msomaji huweza kukifuata kielekezi hadi mahali palipokwisha kufutwa kabla hajatambua kwamba alipaswa kurudia.

Njia ya tatu iliingia katika Linux mwaka 2002, na jina lake likifasiriwa ni "soma, nakili, sasisha". Turudi masijala. Ofisa anayetaka kubadili faili haliondoi watu wanapolisoma. Hutengeneza nakala, huirekebisha mezani kwake, kisha huiweka rafuni mahali pa ile ya zamani kwa tendo moja. Waliokwisha kuchukua nakala ya zamani humaliza kuisoma; wanaokuja baadaye huikuta mpya. Nakala ya zamani huchomwa pale tu ambapo wote waliokuwamo wakati wa mabadiliko wamekwisha kutoka. Msomaji hatii sahihi katika daftari la wote, na kama analazimika kuandika chochote, huandika katika karatasi yake mwenyewe. Gharama yote imehamishiwa kwa mwandishi, na ni gharama kubwa: hulazimika kunakili, na kungoja kabla ya kufuta.

Katika njia hizi mbili za mwisho neno "msomaji" linasema kweli. Ikiwa tutalitumia neno hilo hilo kwa yule wa kufuli la mwaka 1971, tutakuwa tumewapa jina moja watu wawili ambao tofauti yao ndiyo kiini cha somo zima.

7. Wasomaji ambao hawasomi

Mtu atasema kwamba kuandika hesabu mlangoni ni jambo dogo la kiufundi, na kwamba kwa upande wa jedwali lenyewe msomaji bado ni msomaji. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama ingekuwa kweli. Naleta mifano miwili ya Linux.

Kila programu ina ramani ya kumbukumbu yake, na ramani hiyo ililindwa kwa miaka mingi na kufuli moja la aina tunayoijadili. Programu inapogusa ukurasa wa kumbukumbu ambao bado haujaletwa, kiini hulishika kufuli hilo kwa "kusoma", kisha hukijaza kiingilio kipya katika jedwali la kurasa, huku kikilindwa na kufuli jingine dogo. Yaani "msomaji" anaandika, na kuandika ndiyo kazi iliyomleta. Programu zenye nyuzi nyingi ziliteswa sana na kufuli hili. Jina lake katika programu ya kiini lilibeba neno la semafori hadi mwaka 2020, lilipobadilishwa likaitwa kufuli, na njia za kulishika zikawekwa nyuma ya majina mapya ili mambo ya ndani yaweze kurekebishwa. Mwaka 2023 yaliingizwa makufuli madogo kwa kila sehemu ya ramani, ili kurasa nyingi ziletwe pasipo kupitia mlango ule mmoja.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Mfumo wa mafaili huweza kugandishwa kwa muda, kwa mfano ili nakala kamili ichukuliwe. Programu yoyote inayotaka kuandika katika faili hulishika kwanza kufuli la ugandishaji, na hulishika kwa "kusoma". Anayegandisha, ambaye haandiki neno lolote katika mafaili hayo, ndiye "mwandishi". Mwalimu na asimame mbele ya darasa aseme kwamba waandishi wa mafaili ni wasomaji wa kufuli, kisha awatazame wanafunzi usoni.

Mifano hii inaonyesha kwamba tofauti ya hali mbili za kufuli haihusu kusoma na kuandika. Inahusu nani anaweza kuwamo pamoja na wenzake, na nani lazima awe peke yake. Kusoma na kuandika ulikuwa mfano wa kwanza wa tofauti hiyo, na mfano ukachukuliwa kuwa maana.

8. Kufuli au komeo?

Yupo atakayesema kwamba tukianza kukosoa, hata neno "kufuli" halitapona. Ni kweli. Katika nyumba zetu kufuli hufungwa kwa nje na mtu anayeondoka. Aliye ndani akitaka asiingiliwe hutia komeo. Kichakataji kinachoshika kufuli la kiini kimo ndani, nacho kinawazuia walio nje. Kwa mantiki hiyo "komeo" lingekuwa neno bora.

Hata hivyo sipendekezi tulibadili. Neno "kufuli", tulilolipata kutoka Kiarabu, limekwisha kuzoeleka katika mazungumzo ya kompyuta, na hitilafu yake haimpotoshi mtu katika jambo la maana: anayesikia "kufuli" anaelewa kwamba kuna kuzuiwa na kusubiri, na hivyo ndivyo ilivyo. Istilahi haidaiwi kufanana na dhana kwa kila hali. Inadaiwa isimfanye mtumiaji aamini jambo la uongo ambalo litaathiri uamuzi wake. Kwa kipimo hicho "kufuli" limefaulu, na "msomaji" limeshindwa, kwa kuwa fundi anayeamini kwamba kusoma hakuna gharama atalichagua chombo hiki mahali kisipofaa, na mashine atakayoisimamia italipa gharama ya imani hiyo kila siku.

9. Mapendekezo

Napendekeza istilahi zifuatazo zifikiriwe.

(a) Kufuli la pamoja na pekee: litumike badala ya "kufuli la wasomaji na waandishi". Lina hali mbili, hali ya pamoja na hali ya pekee. Msamiati huu si mgeni. Taaluma ya hifadhidata huutumia, mfumo wa FreeBSD una kufuli lenye jina la namna hiyo, na katika Windows matendo ya kulishika kufuli la aina hii hutajwa kwa maneno ya pamoja na pekee ingawa kufuli lenyewe bado linaitwa la wasomaji na waandishi.

(b) Mwenye ruhusa ya pamoja, na mwenye ruhusa ya pekee: watajwe hivyo wanaolishika. Maneno ni marefu kuliko "msomaji" na "mwandishi", lakini yanataja ruhusa, ambayo kufuli linaijua, badala ya kutaja kazi, ambayo kufuli haliijui.

(c) Kupandisha ruhusa na kushusha ruhusa: kwa kugeuka kutoka hali moja kwenda nyingine.

(d) Kukosa zamu: kwa hali ambayo lugha nyingine huiita njaa. Njaa kwetu ni kukosa chakula, na huondoka mtu akila chochote. Anayesubiri kufuli hakosi kitu kingine ila zamu.

(e) Mkwamo: kwa kusubiriana kusikokoma.

(f) Msomaji: lihifadhiwe kwa njia ambazo anayesoma haandiki mahali pa wote, kama zile za namba ya mfululizo na za soma, nakili, sasisha.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Itasemwa kwamba "pamoja" na "pekee" hayamwelekezi mwanafunzi lini atumie hali ipi, na kwamba "msomaji" humwelekeza. Ni kweli kwamba humwelekeza, ila humwelekeza vibaya mara nyingi. Kanuni ya matumizi ni kazi ya sentensi, nayo inaweza kuandikwa katika sentensi moja: anayesoma tu anaweza kuomba ruhusa ya pamoja, ikiwa kusoma kwake ni kurefu kuliko kutia sahihi mlangoni. Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo ndiyo ambayo jina la zamani liliifuta.

10. Hitimisho

Hakuna anayedai kwamba kufuli hili halina kazi. Pale ambapo kusoma kunachukua muda, kuandika ni nadra, na vichakataji si vingi, linafaa mpaka leo. Tunachokataa ni kulipa jina linaloficha mpaka wake. Courtois, Heymans na Parnas waliweka alama za kunukuu kwa sababu walijua kwamba wanaazima. Mfasiri anayekutana na alama kama hizo asizipite; na anapoona zimetoweka, na aulize zilikokwenda. Kiswahili hakilazimiki kuurithi usahaulifu wa lugha nyingine. Mwalimu atakayewaambia wanafunzi wake "ruhusa ya pamoja" atalazimika kueleza ni nani anayeitoa na inaandikwa wapi, na hapo daftari la mlangoni litaonekana lenyewe.